Redio ya sufuria yapona kwa fundi wa magari Tunduma

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwa shangazi yangu asubuhi, akiwa na baiskeli na mizani ya kuning'iniza. Kijiji chetu kiko karibu na Tunduma, katika Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016. Zamani huku kote kulikuwa Mbeya. Wanunuzi wa namna hiyo hupita kila wiki. Hununua majembe yaliyovunjika, mabati, betri za magari, na masufuria yaliyotoboka. Bei yao ya alumini ni nzuri kuliko ya chuma, kwa sababu alumini huyeyushwa ikamwagwa kwenye udongo, ikawa sufuria mpya.

Shangazi alitoa sufuria mbili kuukuu. Kisha akaingia chumbani akatoka na kitu cha mviringo, cha rangi ya buluu iliyokwaruzika, upana wake kama sentimita 23. Mnunuzi alikigonga kwa kidole akasema, "Hii ni alumini safi, mama. Toa hayo makorokoro ya ndani nipime."

Hayo makorokoro ya ndani ndiyo yaliyonifanya nisimame. Kile kitu hakikuwa sufuria. Kilikuwa redio ya babu.

Nilimwomba shangazi anipe siku kumi. Hakupenda. Alikuwa na haja ya fedha za mbolea, na redio hiyo ilikuwa haijasema neno tangu kabla mimi sijazaliwa. Mwishoni alisema, "Haya, mwanangu. Siku kumi. Huyu bwana atapita tena Jumatatu ya juu. Kama haisemi, inapimwa."

NILIPOKWENDA

Tunduma wapo vijana wengi wanaotengeneza simu. Niliwapelekea watatu. Wa kwanza alicheka. Wa pili alitazama ndani akauliza chupa zile za kioo ni za dawa gani. Wa tatu, ambaye namshukuru, alisema, "Mimi siijui hiyo. Lakini yupo mzee anayetengeneza dinamo na stata za magari ya zamani. Nenda kwake."

Nilishangaa. Redio na dinamo ya gari vinahusiana nini? Nilikwenda hivyo hivyo.

Nilimkuta mzee amekaa juu ya tairi, mbele yake kuna dinamo ya Land Rover ya zamani imefunguliwa. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni akitazama saa yake kila mara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Weka chini huo mzigo, ungoje. Huyu amekuja mbele yako."

Nilikaa kungoja, na nikiwa nangoja nilijifunza mambo. Lakini kabla sijaeleza kazi ya fundi, ndugu msomaji, ni vizuri kwanza ujue redio hiyo ilitoka wapi. Historia yake inapita karibu sana na hapa petu.

REDIO ZILIANZA KUTENGENEZWA WAPI

Kiwanda cha kwanza duniani cha kutengeneza mitambo ya redio kilifunguliwa mwaka 1898 katika mji wa Chelmsford, Uingereza. Mwenye kampuni alikuwa kijana Mwitalia, jina lake Guglielmo Marconi. Siku hizo redio haikusema maneno wala kuimba. Ilipeleka alama za mlio mfupi na mrefu tu, na wateja wake walikuwa meli za baharini. Ndiyo maana watu wa pwani waliiita simu ya upepo: ni simu isiyo na waya.

Miaka ya 1920 redio zilianza kuingia majumbani Ulaya na Marekani. Zilikuwa masanduku makubwa ya mbao, mazito kama kabati. Hapa kwetu Afrika Mashariki matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini yalikuwa ya walowezi na ya Kiingereza. Mkulima wa Kamsamba au Msangano hakuwa na umeme, hakuwa na fedha, na hakuna aliyesema naye kwa lugha anayoijua. Wenye viwanda hawakumhesabu kuwa mteja.

Mambo yalibadilikia ng'ambo ya mpaka wetu. Vuka Tunduma uingie Nakonde: leo ni Zambia, siku zile iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1941, wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha redio Lusaka. Shabaha yao ilikuwa kuwapa watu habari za vita, kwa kuwa vijana wengi wa Kiafrika walikuwa wamechukuliwa kupigana. Mkuu wa idara ya habari aliitwa Harry Franklin. Aliamua kituo kitangaze kwa lugha za wenyeji, kama Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi.

Lakini nani angesikia? Kutangaza bila redio za kupokelea ni kama kupiga ngoma katika nyumba tupu. Franklin aliwaandikia wenye viwanda wa Uingereza kwa miaka kadhaa. Alitaka redio ndogo, imara, isiyoogopa joto, mvua wala wadudu, inayotumia betri, na ambayo mfanyakazi wa Kiafrika angeweza kuinunua. Walimkatalia. Waliona hakuna biashara.

Mwaka 1949 kampuni moja ilikubali. Iliitwa Ever Ready. Na hapa msomaji asimame kidogo afikiri: Ever Ready ilikuwa kampuni ya kutengeneza betri.

Mfano wa kwanza wa redio hiyo uliwekwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini yenye upana wa inchi 9. Alumini haili kutu, wala mchwa hawaitafuni. Basi wakaendelea na umbo hilo. Wakaipaka rangi ya buluu, na inasimuliwa kwamba rangi hiyo ilichaguliwa kwa sababu hawakusikia popote katika nchi ile imani mbaya juu ya buluu. Watu wakaiita redio ya sufuria, na jina likabaki. Shehena ya kwanza ilikuwa redio 1,500. Zilikwisha katika miezi michache.

HESABU YA BETRI

Redio ya sufuria iliuzwa pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Betri yake iliuzwa peke yake, shilingi 25, na ilidumu kwa saa 300 hivi.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu akisikiliza saa 3 kila siku, betri itamaliza siku 100. Mwaka una siku 365. Kwa hiyo atahitaji betri tatu na zaidi kidogo ya nusu, yaani shilingi 90 hivi. Hiyo ni karibu sawa na kununua redio nyingine kila mwaka.

Sasa utaona kwa nini ni kampuni ya betri iliyokubali wakati wengine walikataa. Redio hununuliwa mara moja. Betri hununuliwa maisha yote. Sisemi walifanya vibaya. Bila wao redio isingefika kijijini mapema vile. Lakini ni vizuri mnunuzi ajue anaponunua kitu cha bei nafuu, gharama yake nyingine imejificha wapi.

Kituo cha Lusaka kilipata wasikilizaji wengi kwa njia hiyo. Barua zilimiminika. Mtumishi mmoja wa kituo, Peter Fraenkel, aliandika kitabu juu ya miaka hiyo mwaka 1959, akakipa jina la "Wayaleshi", neno ambalo watu wa huko walilitumia kwa redio. Alikuwapo pia Alick Nkhata, mtangazaji na mwimbaji, ambaye nyimbo zake za gita zilipendwa sana. Lakini mwaka 1953 wakoloni walipounganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kwa nguvu, watu waliona redio inautetea muungano huo. Redio ileile waliyoipenda wakaanza kuitilia shaka.

BABU ALIVYOIPATA

Wakati wa ukoloni, wanaume wengi wa Unyiha, Unyamwanga, Undali na Unyakyusa walikwenda Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi Kitwe. Aliporudi mwaka 1952 alileta baiskeli, blanketi mbili, na redio ya sufuria.

Shangazi alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Anakumbuka kwamba babu alifunga waya mrefu kutoka kwenye mwembe mpaka dirishani, na waya mwingine akauzika ardhini na kumwagia maji. Jioni watu walikuja na vigoda vyao. Waliomsikia mtu akisema Kibemba kutoka ndani ya sufuria walitaka kutazama nyuma yake.

Mpaka haukuzuia mawimbi. Lusaka ilitangaza kwa masafa mafupi, na masafa mafupi hurudi kutoka angani yakaangukia mbali. Hapa kwetu Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na wengi walikijua Kibemba kutoka migodini. Dar es Salaam yenyewe ilianza kutangaza mwaka 1951 tu.

"Lakini baba alikuwa mkali kwa ile betri," shangazi alinieleza. "Alikuwa anafungua habari na nyimbo mbili. Wimbo wa tatu ukianza, anazima. Watu wanalalamika, yeye anasema: nendeni mkalale."

Betri ilipokwisha, ilibidi mtu atumwe ng'ambo kununua nyingine. Mara nyingi redio ilikaa kimya miezi. Hatimaye betri za aina ile ziliadimika, nazo redio mpya zikaja. Redio ya sufuria ikawekwa juu ya kabati, baadaye chini ya kitanda.

FUNDI KAZINI

Turudi kwa fundi Tunduma.

Mzee huyo alianza kazi akiwa taniboi wa lori. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wa wachache. Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko, na njia hiyo ikafungwa. Mapipa ya mafuta yakaanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka. Barabara ilikuwa ya udongo. Wakati wa mvua lori lilizama mpaka mhimili, na madereva wa Kizungu waliita safari hiyo Njia ya Jehanamu. Nchi mbili zikaunda kampuni ya malori pamoja na Waitalia, na malori ya Fiat yakajaa barabarani. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA, ambayo nayo inapita Tunduma, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976.

"Gari likikufia Igawa au Chimala, duka la vipuri liko wapi?" mzee aliniuliza. "Ulikuwa unatengeneza kwa kilichopo. Hapo ndipo nilipojifunzia."

Dinamo ya Land Rover iliyokuwa mbele yake ilikuwa haitoi umeme. Alinionyesha sababu. Katikati ya dinamo kuna mhimili unaozunguka. Mwishoni mwa mhimili pana vipande vya shaba vilivyopangwa kwa duara, mafundi hukiita komyuteta. Juu ya shaba hiyo hukaa vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Umeme unaotengenezwa ndani hutoka kwa kupitia kaboni hizo. Kaboni hulika kidogo kidogo kama chaki ubaoni. Zikiwa fupi, springi haizifikishi kwenye shaba, na taa nyekundu huwaka kwenye dashibodi.

Kaboni za dinamo hiyo hazipatikani madukani siku hizi. Mzee alichukua kaboni kubwa ya stata ya lori, akaisugua juu ya tupa, akaipima, akaisugua tena, mpaka ikaingia katika nyumba yake bila kukaza wala kulegea. Kisha akafunga msasa laini kuzunguka shaba, na juu yake akaipitisha kaboni mbele na nyuma, ili uso wake upate mviringo uleule wa shaba. "Vijana wengi wanairuka hatua hii," alisema. "Kaboni ikigusa kwa ncha moja, inatoa cheche. Cheche inakula shaba. Tena ukiwa na redio ndani ya gari, utasikia inakoroma badala ya kuimba."

Hapo ndipo nilipouliza: "Mzee, wewe na redio mlijuana wapi?"

REDIO ZA MAGARI

Alijibu kwamba redio za zamani za magari ndizo zilizomfundisha.

Katika mji wa Chicago, Marekani, walikuwapo ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin. Mwaka 1928 walianzisha kiwanda kidogo cha vifaa vya redio. Mwaka 1930 walifunga redio ndani ya gari la Paul, wakaliendesha mpaka Atlantic City, ambako wenye viwanda vya redio walikuwa na mkutano. Hawakuwa na kibanda cha maonyesho, basi gari lenyewe likawa kibanda. Redio hiyo waliipa jina la Motorola: "motor" kwa sababu ya gari, na "ola" kwa sababu wakati ule vyombo vya muziki vilipenda kuitwa majina yenye mwisho huo.

Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Redio za zamani zilifanya kazi kwa vali. Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake mna uzi mwembamba wa chuma unaopata moto kama taa. Uzi huo unataka umeme mdogo tu. Lakini vali inataka pia umeme mwingine wa nguvu kubwa, volti 90 au zaidi, ili iweze kukuza sauti. Betri ya gari ilikuwa na volti 6, baadaye 12. Utazipata wapi nyingine?

Mwanzoni waliweka betri nyingine chini ya sakafu ya gari. Baada ya miaka michache kikaja kifaa kinachotetemeka haraka sana, kikikata na kuunga umeme mara nyingi kwa sekunde, ili uweze kupandishwa nguvu. Kilivuma kama nyuki. Ndani yake kulikuwa na pointi ndogo za chuma, kama pointi za disitributa ya gari.

"Sasa umeona?" mzee alisema. "Mtu analeta gari la bwana mkubwa, redio imekufa. Unafungua, unakuta pointi zimeungua. Unasugua kwa msasa. Kesho zimeungua tena. Kwa nini? Kondensa imekufa. Kwenye disitributa ni hivyo hivyo: pointi zikiungua kila wiki, usilaumu pointi, tazama kondensa."

Kondensa ni kama debe dogo la umeme. Hupokea umeme unaozidi na kuuachia taratibu. Zile za zamani zilikuwa karatasi nyembamba na bati jembamba, vikakunjwa pamoja kama sigara na kuzibwa kwa nta. Miaka ikipita, unyevu huingia, na debe huanza kuvuja.

SUFURIA YAFUNGULIWA

Mwenye Land Rover aliondoka taa yake nyekundu ikiwa imezimika. Mzee akaosha mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, akaivuta redio ya babu.

Hakuiunga umeme. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi nilikuwa nimekuja na betri mfukoni, nikidhani tutajaribu mara moja. Kitu kilicholala miaka hamsini hakiamshwi kwa kofi. Kwanza aliipuliza vumbi. Akatoa kiota cha nyigu. Karatasi ya spika ilikuwa imeliwa na mende upande mmoja. Aliiziba kwa karatasi nyepesi ya kufungia chai na gundi kidogo sana.

Vali zilikuwa nne. Alizing'oa moja moja, akazipima nyuzi zake kwa testa. Nne zote zilikuwa hai. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Babu yako alikuwa mtu mwangalifu. Mtu akikosea akaupeleka umeme mkubwa kwenye uzi mdogo, vali zote nne zinaungua kwa mara moja." Miguu ya vali ilikuwa na ukungu wa kijani. Akaisafisha kwa msasa uleule aliosafishia shaba ya dinamo.

Kondensa za nta zilikuwa zinavuja. Alikata tatu akaweka za plastiki, ndogo kuliko punje ya mahindi, alizozing'oa kwenye televisheni mbovu. Alizichagua kwa kusoma namba zake: zilizoandikwa kuwa zinastahimili volti nyingi kuliko zile 90. Akaziunga kwa risasi.

Baada ya hapo lilibaki swali la betri. Betri ya redio ya sufuria haiuzwi tena popote. Mzee alinituma dukani ninunue betri kumi ndogo za mraba, zile za volti 9. Betri hizo zina vifungo viwili juu, kimoja dume na kingine jike, nazo hufungana zenyewe moja kwa nyingine. Kumi zikifungwa kwa mstari, 9 mara 10 ni 90. Kwa ajili ya nyuzi za vali alitumia betri moja kubwa ya tochi, ya volti moja na nusu.

Akaanza na betri tano tu, yaani volti 45. Akasikiliza. Akagusa kondensa moja moja kuona kama zinapata moto. Baada ya nusu saa alinikataza nisiguse tena, kwa kuwa volti 90 hurusha mkono, na mwenye moyo dhaifu zinaweza kumdhuru zaidi ya kumrusha. Ndipo akaunga zote kumi.

Kulikuwa na mvumo. Mzee alitupa waya juu ya bati la gereji iwe eriali, waya mwingine akaufunga kwenye chuma kilichochomekwa ardhini. Akazungusha kitufe polepole sana, kama mtu anayefungua kufuli ya mwenzake. Ikaja sauti ya Kichina. Ikapotea. Ukaja muziki, halafu mtu anasoma habari kwa Kiingereza, sauti ikipanda na kushuka kama iko kwenye mashua.

Vijana wa simu walikuwa wamekuja kutazama. Yule aliyenicheka aliuliza, "Hivi inatumia bando gani?"

KWA NINI ZILITOWEKA

Kilichoiua redio ya sufuria ni kitu kidogo kiitwacho transista. Kiligunduliwa Marekani mwezi Desemba mwaka 1947, miaka miwili kabla redio ya sufuria haijaanza kuuzwa. Transista hufanya kazi ya vali, lakini haina uzi wa kupata moto na haitaki volti 90. Mwaka 1954 Wamarekani waliuza redio ya kwanza ya transista, nao Wajapani wa Sony wakafuata mwaka 1955. Redio ya transista ilitosheka na betri nne za tochi, zinazouzwa kila duka la kijijini.

Baada ya uhuru zikaanza kutengenezwa nchini. Kampuni ya Matsushita kutoka Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio na betri za National. Philips waliunganisha redio Arusha. Kwa redio hizo wananchi walisikiliza Radio Tanzania, na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi kuzunguka redio wakijifunza juu ya vyoo, maji na malaria. Wapo wasomaji wetu wenye umri waliochimba choo chao cha kwanza mwaka huo.

JUMATATU

Mzee aliniambia gharama. Nilitoa fedha ya kondensa na ya kazi, na hakukubali zaidi. Alinipa onyo moja: betri kumi zile si betri ya saa 300. Ni ndogo. Zikitumiwa mfululizo, zitakwisha upesi.

Nilifika kwa shangazi Jumapili jioni. Nilifunga waya kwenye mwembe, ambao bado upo. Majirani walikuja, wengine na vigoda, wengine na simu za kupigia picha. Ilipovuma watoto walirudi nyuma. Kibemba hatukupata, tulipata Kiarabu, na wimbo ambao hakuna aliyeijua lugha yake.

Shangazi alisogeza kiti chake karibu. Aliuliza betri kumi ni bei gani. Nilipomtajia, alinyamaza kidogo.

Mnunuzi alikuja Jumatatu kama alivyoahidi, na mizani yake. Shangazi alimpa sufuria ya tatu, iliyokuwa bado haijatoboka vizuri, na alilalamikia bei kama kawaida yake. Kuhusu kile cha buluu alimwambia kimekwenda.

Jioni ile tulifungua tena. Tulisikia habari, kisha wimbo mmoja, kisha wa pili. Wimbo wa tatu ulipoanza, shangazi alinyosha mkono akazima.

"Nendeni mkalale," alisema.